Mtumbwi wa fito: namna ya kuujenga nyumbani

Mtumbwi wa kuchonga unadai mti mzima, na miembe minene iliyonyooka inazidi kuadimika. Jahazi nalo linadai mbao nzito, mataruma yaliyopinda yenyewe porini, na jicho la fundi aliyekulia karakanani. Mtumbwi wa fito hauna masharti hayo. Hujengwa kwa fito za mbao nyepesi zenye unene wa milimita 6 tu, zikagundishwa ubavu kwa ubavu juu ya kalibu, kisha zikafunikwa nje na ndani kwa kitambaa cha faibaglasi kilichoshibishwa epoksi. Kinachopatikana ni chombo cha futi 16 chenye uzito wa kilo 25 hivi, ambacho mtu mmoja anaweza kukitia begani na kukipeleka majini.

Ufundi huu ulizaliwa Amerika Kaskazini. Wenyeji wa huko walijenga mitumbwi ya magome ya mti kwa karne nyingi kabla ya wageni kufika, na umbo lile halijapitwa hadi leo. Katika karne ya 19 mafundi wa mji wa Peterborough, jimbo la Ontario nchini Kanada, walilihamishia umbo hilo kwenye mbao nyembamba zilizojengwa juu ya kalibu ngumu. Faibaglasi ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapiga makafi wa mashindano katika jimbo la Minnesota, Marekani, waligundua kuwa mataruma na misumari havihitajiki tena, kwa sababu kitambaa na resini vinatosha kuzishika fito. Mwaka 1983 Ted Moores na Merilyn Mohr wa Kanada walitoa kitabu chao Canoecraft, na tangu hapo watu wengi wasio mafundi wa vyombo wamejenga mitumbwi yao uani na kwenye gereji.

Ukijua kutumia randa, msumeno na keekee, kazi hii unaiweza. Anayejenga kwa mara ya kwanza hutumia kwa kawaida saa 200 hadi 300, yaani miezi kadhaa ya jioni na Jumamosi. Unahitaji banda lenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 3, lenye paa na kivuli cha kweli. Usijenge juani. Jua hupinda fito, na baadaye litakuharibia resini kwa namna nitakayoieleza.

Mchoro kwanza

Usibuni umbo lako mwenyewe. Mafundi wa Lamu na Nungwi hujenga majahazi bila karatasi, lakini jicho lile limerithiwa na kufanyiwa kazi tangu utotoni. Wewe nunua mchoro uliokwisha kujaribiwa, wenye ukubwa halisi wa kila kalibu, ili unachofanya kiwe kuubandika juu ya plaiwudi na kukata.

Kwa mtumbwi wa kwanza napendekeza umbo la Prospector, lililopata sifa kupitia kiwanda cha Chestnut cha mji wa Fredericton, New Brunswick. Michoro mingi ya leo imetokana nalo. Wa futi 16 una urefu wa mita 4.9 na upana wa sentimita 90 hivi, unabeba watu wawili na mizigo yao, na ubavu wake ni mrefu wa kutosha kuzuia mawimbi madogo. Michoro ya mashindano, myembamba na yenye kasi, huvutia macho, ila humtupa majini asiyezoea.

Kalibu ndiyo mtumbwi

Hapa ndipo wengi hufanya haraka, nami ningependa upunguze mwendo kuliko mahali pengine popote. Kalibu ni vipande vya plaiwudi ya milimita 12 vilivyokatwa kwa umbo la mtumbwi kama ungekatwa kwa upana. Husimamishwa kila sentimita 30 juu ya boriti ya kujengea, mtumbwi ukiwa kifudifudi. Kwa futi 16 utakuwa na kalibu 15 hivi, pamoja na mbili za ncha, omo na tezi. Mwisho wa kazi zote hutolewa na hakuna atakayeziona. Lakini fito hazina akili ya kwao: zitafuata kile kalibu inachosema, na kosa la milimita 2 litaonekana ubavuni mchana kweupe mara vanishi itakapoanza kung'aa.

Boriti unaweza kuijenga kama sanduku refu la plaiwudi au kwa mbao mbili za mbili kwa sita zilizonyooka. Itie pima maji kwa urefu na kwa upana, kisha ikaze chini isitikisike. Vuta uzi katikati yake kutoka ncha hadi ncha na uuache hapo. Kila kalibu iwe na mstari wa katikati uliochorwa pande zote mbili, na mstari huo ukae sawasawa na uzi. Pima pia kutoka ncha ya omo hadi ukingo wa kulia wa kalibu ya kati, kisha hadi ukingo wake wa kushoto. Vipimo viwili visipolingana, kalibu imekaa mshazari, na mtumbwi utakaojengwa juu yake utavuta upande mmoja maisha yake yote.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni mapema. Plaiwudi ina unene, na mtumbwi unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyokwenda kwenye ncha. Kwa hiyo kila kalibu ifungwe upande wa mstari wake ulio karibu na katikati ya mtumbwi, ili uso unaoelekea ncha ndio ukae juu ya mstari. Ukigeuza, kona ya plaiwudi itaisukuma fito nje na utakuwa na nundu kila sentimita 30.

Kabla ya kugundisha chochote, chukua fito moja ndefu isiyo na fundo na uilaze juu ya kalibu zote, karibu na ukingo, kisha katikati ya ubavu, kisha karibu na mgongo. Iinamie utazame kwa jicho moja kutoka omo. Ikiwa inaelea bila kuigusa kalibu fulani, bandika hapo kipande chembamba cha mbao. Ikiwa kalibu inaisukuma, ipunguze kwa tupa. Rudia hadi fito ipite kote kwa mkunjo mmoja usio na mshtuko. Halafu zungushia kingo za kalibu selotepu ya plastiki, gundi isishike.

Mbao na fito

Wakanada hupenda mwerezi mwekundu wa pwani ya Pasifiki kwa sababu ni mwepesi, unanyooka na hauozi upesi. Afrika Mashariki haupatikani kwa urahisi, lakini unachokitafuta ni sifa zake. Ngozi ya mtumbwi wa futi 16 ina eneo la mita za mraba 6 hivi, ambazo kwa unene wa milimita 6 ni mita za ujazo 0.036. Mwerezi ule una uzito wa kilo 370 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbao zote ni kilo 13. Mvule au mninga, wenye kilo 650 hivi, ungekupa zaidi ya kilo 23. Kilo kumi hizo utazibeba begani kila safari, bila faida yoyote, maana nguvu ya ganda hili inatokana na kitambaa kilicho nje na ndani. Mbao huvitenganisha tu vitambaa hivyo. Weka mninga akiba kwa kingo.

Saipresi ya mashamba ya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania inafaa, na musizi wa Uganda pia ni mwepesi. Paini ya Sao Hill inapatikana kwa wingi, ila ina mafundo mengi. Chagua ubao mmoja mmoja dukani hata kama muuzaji atanuna. Fundo kwenye ubao wa inchi mbili ni doa tu, lakini kwenye fito ya milimita 6 ni mahali pa kuvunjika. Mbao ziwe kavu. Kama huna kipima unyevu, kata kipande kidogo na ukipime kwenye mizani ya jikoni kila siku; kikiacha kupungua uzito ndani ya banda lako, mbao ziko tayari.

Fito ziwe na upana wa milimita 19 na unene wa 6. Msumeno wa meza wenye bapa jembamba hula milimita 2 kila mara, kwa hiyo ubao wa inchi nane hutoa fito ishirini na kitu. Utahitaji kati ya 70 na 80, na nyingine kumi za kuvunjika. Sukuma mbao kwa kipande cha mti, kamwe usisukume kwa vidole. Kwa kuwa mbao za futi 17 ni adimu, unga fito mbili kwa kuzikata mshazari wa sentimita 5 na kuzigundisha, halafu hakikisha viungo havikutani sehemu moja ubavuni.

Mwenye ruta huzipa fito ukingo mmoja wa mviringo na mwingine wenye mfereji, zikaingiana vizuri hata pale ubavu unapopinda. Asiye nayo huacha kingo za mraba na kuziparuza kidogo kwa randa ndogo kila fito inapotaka kuinama. Ni polepole zaidi, lakini mtumbwi hautajua tofauti.

Anza karibu na ukingo wa mtumbwi na upande kuelekea mgongo, ukiweka fito moja kulia na moja kushoto kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, mvuto wa gundi unaweza kuzipinda kalibu. Gundi ya kawaida ya seremala yatosha, kwa kuwa baadaye itafungiwa ndani ya epoksi. Shikilia kila fito kwa stepula kwenye kila kalibu, ukitanguliza kipande cha mkanda wa plastiki ili iwe rahisi kuing'oa. Wasiopenda vitundu hutumia klampu na kamba, na kazi yao hupendeza ila huchukua muda mrefu. Futa gundi inayochuruzika ikiwa bado laini. Ikikauka huwa ngumu kuliko mbao, na msasa utaikwepa gundi na kuila mbao iliyo kando yake.

Kwenye ncha fito hukutana juu ya kiini kilichopinda, ulichokitengeneza kwa kugundisha vipande vyembamba vilivyolainishwa kwa kitambaa na maji yanayochemka. Chini ya mtumbwi itabaki nafasi iliyochongoka pande mbili. Funika nusu yake kwanza, ukipita mstari wa katikati. Vuta uzi wenye chaki, kata kwa uangalifu juu ya mstari huo, ndipo ujaze nusu ya pili fito moja moja, kila moja ikichongwa ncha hadi ikae. Fito ya mwisho huchukua jioni nzima na inastahili.

Kulainisha

Ng'oa stepula zote. Pitisha randa ndogo yenye makali ya kweli, ukifuata nyuzi za mbao, kuondoa kona za fito. Kisha tumia msasa wa namba 80 uliobandikwa kwenye ubao mrefu unaokubali kupinda, ukisugua kwa mshazari, halafu namba 120. Mashine ya kupigia msasa inachimba mabonde bila wewe kujua. Iache kwa miguso ya mwisho. Usiku, weka taa chini kabisa ubavuni ili mwanga upite mlazo: kila nundu itatupa kivuli chake. Mchana, fumba macho na upitishe kiganja. Kiganja huhisi kile ambacho macho hayaoni. Vaa barakoa muda wote, hasa ukitumia mwerezi mwekundu, ambao vumbi lake linajulikana kusababisha pumu.

Mwishowe futa mtumbwi wote kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nyuzi zilizobanwa zitasimama na alama za randa zitajaa. Ukikauka, pitisha tena namba 120 mara moja.

Epoksi inataka jioni

Maduka mengi ya faibaglasi mijini huuza resini ya poliesta, ile ya kutengenezea matangi na bampa za magari. Ni ya bei nafuu na fundi atakuambia ni kitu kilekile. Si kweli. Poliesta haishiki vizuri kwenye mbao, na baada ya misimu michache kitambaa huanza kubanduka. Tafuta epoksi, hata kama utalazimika kuiagiza na kusubiri. Mtumbwi wa ukubwa huu unakula lita 10 hivi kwa nje na ndani, na kitambaa chenye uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba.

Aliyezoea poliesta huongeza matone ya kigumishi ili ikauke upesi. Kwa epoksi usifanye hivyo kamwe. Pima kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, iwe 2 kwa 1 au 5 kwa 1, na ukoroge dakika mbili kamili ukikwangua pande za kikombe. Ukizidisha au ukipunguza, sehemu hiyo itabaki inanata mwaka mzima. Kwa joto letu chukua kigumishi cha polepole na changanya kidogo kidogo, mililita 200 kwa mara moja. Epoksi iliyorundikana kwenye kikombe kirefu hujipasha yenyewe, hufuka moshi na kuyeyusha plastiki. Imwage upesi juu ya mtumbwi au kwenye sinia pana.

Wakati wa siku ndio siri yenyewe. Mbao imejaa hewa. Banda linapopata joto asubuhi, hewa hiyo hutanuka na kutoka, nayo hupenya resini mbichi na kuacha mamia ya viputo vidogo. Ukianza saa 10 jioni, joto linaposhuka, hewa ndani ya mbao hunywea na kuivuta resini ndani ya nyuzi. Kuchagua saa hakugharimu senti, na kunaleta tofauti kubwa kuliko aina ya brashi unayonunua.

Tandaza kitambaa kikavu juu ya mtumbwi na ukilainishe kwa mikono hadi kisiwe na mkunjo. Mwaga resini mgongoni na uisukume taratibu kwa kipande bapa cha plastiki, kutoka katikati kwenda nje. Utaona kitambaa cheupe kikitoweka na rangi ya mbao ikijitokeza chini yake. Palipobaki peupe pana njaa ya resini, ongeza. Panapong'aa kama kioo resini imezidi na kitambaa kinaelea, kwangua. Uso sahihi ni ule usiong'aa sana, ambao bado unaonyesha ufumaji wa nyuzi. Baada ya saa chache, resini ikiwa inanata kidoleni bila kuchafua glavu, paka tabaka la pili la kujaza ufumaji, kisha la tatu. Yakifuatana hivyo hayahitaji msasa katikati. Yakikauka kabisa, osha kwanza kwa maji na sponji ya kusugulia vyombo, maana epoksi nyingi huacha utando wa nta ambao ukiusugua kwa msasa utausindilia ndani.

Vaa glavu tangu tone la kwanza. Mwili ukishaikataa epoksi hauikubali tena: ngozi huwasha na kuvimba kila unapoikaribia, na hapo ndoto ya kujenga mtumbwi wa pili imekwisha. Ikikugusa, tumia sabuni na maji. Petroli na tina huipeleka ndani ya ngozi. Vumbi la epoksi ambayo haijakomaa ni baya vilevile.

Ganda likikomaa, fungua kalibu na uligeuze. Litakuwa laini kuliko ulivyotarajia, linapanuka na kubonyea. Kabla ya kupaka ndani, funga fimbo juu ya mdomo wake kwa upana kamili wa mchoro, la sivyo utaugandisha upana usio wake milele. Kazi ya ndani ni ngumu zaidi, kwani resini hutiririka na kutuama chini, hivyo tumia kidogo na uikwangue mara nyingi.

Kingo, viti na maji

Kingo za ndani na nje zitengenezwe kwa mninga au mtiki, zikazwe kwa skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu, na katikati uweke upau unaoshikilia pande mbili. Viti vifumwe kwa kamba ya nailoni kama kitanda cha kamba. Kazi hiyo fundi wa vitanda ataimaliza kwa ustadi. Kiti kikae sentimita kadhaa chini ya ukingo, kwa sababu kiti kilichoinuka huufanya mtumbwi uyumbe.

Ganda hili likijaa maji huelea kwa shida. Jenga chumba kilichofungwa cha hewa kwenye kila ncha, au funga mifuko ya hewa. Siku ya kwanza nenda kwenye maji ya kiunoni na uupindue makusudi, mara kadhaa, hadi ujue namna ya kuurudisha. Kila aliyemo avae jaketi la kujiokolea, asilifanye mto wa kukalia. Chombo hiki ni cha vijito vya mikoko, mabwawa na kingo tulivu za maziwa. Wakati wa kusi usiutoe nje ya mwamba, na penye viboko au mamba usiingie. Kuhusu usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo, uliza kwanza mamlaka ya vyombo vya majini, yaani TASAC ukiwa Tanzania Bara au KMA ukiwa Kenya, pamoja na kikundi cha ulinzi wa ufukwe kilicho karibu nawe.

Epoksi haivumilii jua. Bila kinga hugeuka njano, kisha unga. Kwa hiyo paka vanishi ya vyombo vya majini yenye kinga ya miale ya jua, tabaka nne au zaidi, na urudie kila inapopoteza mng'ao. Mtumbwi uhifadhiwe kifudifudi juu ya mihimili miwili, kivulini, usiguse ardhi. Ukikwaruzwa hadi nyuzi za faibaglasi zikaonekana, ukaushe siku kadhaa, piga msasa hapo, bandika kiraka cha kitambaa hichohicho kwa epoksi, na uurudishie vanishi. Kazi hiyo ni ya jioni moja, nayo pia ianze saa 10.